Miguu Inayowaka Moto Baada ya Kusimama Kutwa: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Wete, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeutumikia Unguja mjini. Wanaoniuliza maswali haya si wagonjwa wa wodini peke yao. Ni muuza vitambaa wa Darajani, mpishi wa hoteli ya Kiwengwa, kinyozi wa Michenzani, mwalimu wa skuli, askari wa getini, na wauguzi wenzangu tukibadilishana zamu. Lalamiko ni moja: jioni miguu inawaka, imekuwa mizito kama iliyojazwa mchanga, na kiatu kilichoingia vizuri asubuhi hakitoki mpaka kivutwe. Majibu ninayowapa nimeyaweka hapa pamoja. Yasome yote hata kama swali lako ni moja, hasa yale ya dalili za hatari.

Nikitembea kutoka Mwanakwerekwe mpaka Darajani sichoki hivi. Kwa nini nikisimama pahala pamoja saa mbili tu miguu inauma?

Kwa sababu kutembea na kusimama tuli ni kazi mbili tofauti kwa mguu. Damu kushuka miguuni haina taabu, maji hufuata mkondo. Taabu ni kupanda. Katika kupanda, moyo unategemea sana msaada wa tafu, ile nyama nene ya nyuma ya mguu chini ya goti. Kila ukipiga hatua tafu linakaza, linaibana mishipa, damu inasukumwa juu. Tafu likilegea, vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa hujifunga ili damu isirudi ilikotoka. Fikiria pampu ya mkono ya kisimani: ukiipiga maji yanakuja, ukiuacha mkono yanakatika.

Sasa wewe umesimama nyuma ya meza tangu saa 2 asubuhi, hatua hupigi. Pampu imelala. Damu inatuama chini, mishipa inatanuka, na majimaji yanachujika kidogo kidogo kutoka kwenye mishipa midogo kabisa na kuingia katika nyama ya mguu. Ule uzito unaousikia jioni ndio huo, na ile alama inayobaki kifundoni ukivua soksi. Wakati huohuo misuli ya miguu, mapaja na kiuno imekaza saa nzima kukuweka wima bila kupata nafasi ya kulegea, na msuli usiolegea hupata damu haba. Hapo ndipo panapozaliwa maumivu.

Kwa hiyo adui yako ni kutulia. Karibu kila ushauri nitakaoutoa huku chini unarudi hapo.

Nikifika nyumbani jioni, nianze na nini?

Anza kwa kuinua miguu, kabla ya maji, kabla ya mafuta, kabla hata ya kuinjika sufuria. Tandika mkeka karibu na ukuta, lala chali, sogeza makalio mpaka yakaribie ukuta, kisha iegemeze miguu juu. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha. Nyayo lazima ziwe juu kuliko moyo, ndipo yale majimaji yaliyotuama yapate mteremko wa kurudi. Kukaa barazani ukaweka mguu juu ya kigoda kunapumzisha misuli, nakubali, lakini kigoda bado kiko chini ya moyo na uvimbe hautoki upesi. Ukiwa hapo mkekani chezesha vifundo: vuta vidole kuelekea usoni kwako, visukume kuelekea dari, mara 20 au 30.

Akina mama wananiambia dakika hizo hawana, maana wakivuka kizingiti tu watoto wana njaa. Nalijua hilo kwa kuliishi. Wanangu walipokuwa wadogo niliwalaza pamoja nami, miguu yetu sote ukutani, tukisomeshana jedwali la kuzidisha. Wakifika la saba, mimi nimeshapata nafuu ya kusimama jikoni.

Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali. Alale ubavu, wa kushoto ni bora, na mito chini ya miguu. Na mtu ambaye akilala tu pumzi inambana asifanye zoezi hili kabisa, aende kwa daktari kwanza.

Maji ya moto au ya baridi? Na chumvi je?

Mguu uliovimba na unaowaka unataka maji ya baridi. Ya bombani yanatosha, barafu si lazima. Ya moto yanaitanua mishipa, na mishipa yako imeshatanuka vya kutosha. Maji ya uvuguvugu yanafaa pale msuli umekaza kama jiwe lakini mguu haujavimba, au asubuhi unapoamka umekakamaa. Wengi wetu tunaoswali tumeshapata fursa mara tano kwa siku: unapotia udhu, usimwage maji mguuni ukakimbia. Sugua unyayo, pitisha kidole baina ya vidole, panda na mkono mpaka juu ya kifundo.

Chumvi ya mawe kwenye beseni haina madhara kwa ngozi nzima. Kinachokupa raha zaidi ni maji yenyewe na ile robo saa uliyokaa.

Ila hapa nakusihi, na ningeweza ningekushika mkono: mwenye kisukari asitumbukize miguu katika maji ya moto. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Nimefunga vidonda vya watu walioweka miguu katika ndoo ya maji yaliyokuwa yakitoka mvuke, wakakaa wakizungumza, wala hawakusikia kitu mpaka ngozi ilipotoka. Mmoja alikuwa mzee aliyeandaliwa maji na binti yake kwa mapenzi kabisa. Pima maji kwa kiwiko, na mwenye kisukari apimiwe na mtu mwengine.

Kuchua kunasaidia? Mafuta gani?

Kunasaidia sana, na huhitaji mafuta ya bei. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa sababu yanateleza na yapo kila nyumba. Anzia unyayoni, kwa gumba, ukisukuma kutoka kisigino kuja kwenye vidole. Halafu panda: kifundo, tafu, nyuma ya goti kwa upole, paja. Daima kutoka chini kwenda juu, njia ambayo damu inatakiwa irudi. Wachuaji wetu wa zamani wanalijua hilo bila kufundishwa darasani.

Mafuta ya karafuu ni fahari yetu, na ile dawa iliyomo ndani yake, eujenoli, kweli inatia ganzi kidogo na kuleta joto. Lakini ni makali. Usiyapake matupu. Tia matone machache katika kijiko cha mafuta ya nazi, jaribu pahala padogo, ngoja uone kama ngozi inawasha. Usipake penye mchubuko, na mtoto asiyafikie kwa sababu kuyameza ni hatari.

Mguu mmoja ukivimba peke yake ghafla, ukawa wa moto na unauma, usiuchue. Sababu iko katika swali la spitali huku chini.

Navaa ndara kazini kwa sababu ya joto. Ni makosa?

Kwenda msikitini au dukani, hapana. Kusimama nazo saa nane, ndiyo. Ndara haina cha kuushika mguu, kwa hiyo vidole vinajikunja muda wote kuizuia isitoke, na upinde wa unyayo haupati mahali pa kuegemea. Ikishachakaa kisiginoni, umesimama juu ya zege.

Ninavyochagua kiatu ni hivi. Nashika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, nakikunja. Kiatu kizuri kinakunjika penye mzizi wa vidole. Kikikunjika katikati, nakirudisha. Halafu nakikamua kama kanga iliyofuliwa: kikizunguka chote, kimekwisha. Nabonyeza soli ya kisigino kwa gumba, inataka kuitika kidogo na kurudi. Kisigino kiinuke sentimita 2 au 3 hivi, kisizidi. Vidole vipate nafasi ya kuchezacheza. Viatu vya mitumba ni vizuri ukivipima namna hii, ila tazama soli iliyolika upande mmoja, maana hiyo ni njia ya mguu wa mwenzako na itaupinda wako.

Nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Kiatu cha saa 3 asubuhi kitakubana saa 9. Ukijaaliwa jozi mbili, zibadilishe siku kwa siku ili moja ikauke jasho.

Siwezi kuondoka kwenye meza yangu ya biashara. Nifanye nini nikiwa nimesimama?

Mengi, na mteja hataona.

Weka kitu cha kukanyagia. Tofali la inchi 5 lililolazwa linafaa, au kasha gumu la mbao. Mguu mmoja juu, mmoja chini, na kila dakika chache badilisha. Kiuno kinapumua papo hapo. Waliozijenga baa za zamani zenye bomba la kukanyagia chini waliijua siri hii.

Kila nusu saa nyanyua visigino, simama kwa vidole, shuka taratibu, mara 15. Hapo unaipiga ile pampu kwa mkono wako. Kama mzani au jiko liko mbele, fanya unaposubiri chenji au unaposubiri mafuta yachemke. Hamisha uzito kushoto na kulia. Piga hatua mbili nyuma, mbili mbele. Magoti yasifungwe kwa nyuma kama mlango, yalegeze kidogo.

Tazama kimo cha meza. Kwa kazi ya kukata na kupanga, uso wa meza uwe kiasi cha sentimita 10 mpaka 15 chini ya kiwiko chako. Wapo wauzaji wa Forodhani wanaoinama juu ya meza ya chini tangu kabla ya magharibi mpaka usiku mkubwa, wakidhani ugonjwa ni wa miguu, kumbe mgongo ndio unaoivuta. Vipande vinne vya mbao chini ya miguu ya meza vilimtibu jirani yangu mmoja kuliko vidonge vyote alivyomeza.

Na chini utandike. Sakafu ya vigae au zege haiitiki hata kidogo. Kipande cha mpira mnene, au godoro la sponji gumu lililofunikwa jamvi, kinafanya miguu ifanye kazi ndogondogo ya kujiweka sawa bila wewe kujua. Kisiwe laini mno ukazama, na kingo zisimkwae mtu.

Jambo moja zaidi kuhusu wanawake wa sokoni: wengi hawanywi maji kutwa kwa sababu choo kiko mbali na hakuna wa kumwachia biashara. Kujinyima maji hakupunguzi uvimbe. Kunakuletea kichwa kuuma na mkojo kuchoma. Kubalianeni wawili wawili, mmoja amlindie mwenzake. Kinachoongeza uvimbe ni chumvi nyingi, na hapo tuitazame mezani kwetu achari na vile vibanzi vya muhogo tunavyovidokoa kutwa.

Tajiri wetu hataki tukae hata kama hakuna mteja. Tufanyeje?

Swali hili linanigusa pabaya. Kabla sijasomea uuguzi nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki. Kiti hakikuwepo. Kilikuwepo siku ya kwanza, msimamizi akakiondoa, akasema mgeni akiingia akakuta mtu amekaa ataona hoteli ya wavivu. Tulisimama saa tisa, kumi, kwa viatu vya kisigino. Nilikuwa naingia stoo ya mashuka, nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi dakika tatu, nikihesabu. Mwenzangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na ndoo tulimwachia yeye. Msichana yule hakuwahi kulalamika mbele ya mtu, lakini miguu yake niliiona, na naikumbuka mpaka leo.

Kukaa wakati hakuna kazi mkononi si uvivu. Duniani jambo hili limeshaandikiwa sheria. Uingereza ilipitisha mwaka 1899 sheria ya viti kwa wanawake wauza maduka: kiti kimoja kisipungue kwa kila wanawake watatu. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Nam. 120 wa 1964 unaohusu maduka na ofisi, limetaka wafanyakazi wawekewe viti vya kutosha na wapewe nafasi ya kuvitumia. Ng'ambo ya bahari yetu hii, jimbo la Kerala nchini India liliwapa wauza maduka haki ya kukaa mwaka 2018, Tamil Nadu wakafuata 2021, baada ya wanawake wa maduka ya nguo kupiga kelele miaka. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Nam. 8 ya 2005, na hii ya pili inamtwika mwajiri jukumu la kulinda afya ya anayemfanyia kazi.

Lakini usianze na sheria. Anza na kiti. Mwendeeni wawili au watatu, kwa adabu, saa ambayo hana wateja, na mpeleke pendekezo kamili: stuli ndefu ambayo mtu akiikalia macho yake yanabaki usawa wa mteja, na ahadi kwamba mteja akikanyaga mlangoni mnasimama. Wengi wenye maduka hawajawahi kufikiria, wamerithi tu walivyokuta. Mwambieni pia kwamba anayeugua miguu huomba ruhusa. Akikataa katakata na watu wanaumia, ofisi ya kazi ipo na kazi yake ni kusikiliza.

Soksi za kubana zinafaa?

Kwa wengi, ndiyo. Mimi nazivaa zamu zote. Tafuta zinazofika chini ya goti, zenye mbano wa milimita 15 mpaka 20 za zebaki, imeandikwa mmHg kwenye pakiti. Zivae asubuhi kabla ya uvimbe, vua ukilala. Zikikunjika juu zinageuka kamba, kwa hiyo zinyooshe. Usivae kabla ya kumuona daktari kama una kisukari kilichoua hisia, kidonda mguuni, au mguu wa baridi uliopauka, kwa sababu huenda shida yako ni damu kutofika chini, na mbano utazidisha.

Asubuhi nikikanyaga chini mara ya kwanza kisigino kinachoma kama msumari, nikitembea kidogo kinapoa. Ni nini?

Hiyo ina sura yake. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole, ndio unaoushikilia upinde wa mguu. Ukisimama sana juu ya sakafu ngumu, au uzito ukiongezeka, unachanikachanika mahali uliposhikana na kisigino. Usiku unajikunja, asubuhi unaukunjua kwa ghafla.

Kabla ya kushuka kitandani, pitisha kanga chini ya mzizi wa vidole, shika ncha mbili, vuta kuelekea kwako goti likiwa limenyooka, hesabu mpaka 30, rudia mara tatu. Jioni gandisha maji katika chupa ya plastiki, iviringishe chini ya unyayo dakika 10. Simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, egemea mpaka tafu livutike. Usitembee peku ndani ya nyumba yenye vigae mpaka upone. Huchukua miezi, mara nyingi mingi, na wengi sana wanapona bila sindano wala kisu.

Usiku msuli wa tafu unakaza naruka kitandani. Nifanyeje?

Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea usoni, shikilia mpaka ulegee, kisha chua. Kunyoosha tafu kabla ya kulala kunapunguza. Ukikujia kila usiku, kapime.

Nameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku ili nimudu kazi. Kuna ubaya?

Upo, mwanangu, na ndio unaonitia hofu kuliko yote niliyoyaandika hapa. Diklofenaki na ibuprofeni kwa siku chache, baada ya chakula, kwa mtu mzima mwenye afya, zina nafasi yake. Kila siku kwa miezi zinatoboa tumbo, zinachosha figo, zinapandisha presha, na zinaweza zenyewe kukuzuilia maji mwilini ukavimba miguu zaidi. Nimempokea kijana aliyetapika damu, mfukoni ana karatasi ya vidonge alivyokuwa akiuziwa kimoja kimoja bila kuulizwa lolote. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka.

Ukihitaji kidonge anza na paresetamoli: viwili vya miligramu 500, na kwa saa 24 visizidi 8. Kwenye mchanganyiko wa dawa za mafua nayo imo, zihesabu. Mwenye ini bovu aulize kwanza. Kama wiki mbili zimepita na huwezi kwenda kazini bila kidonge, kidonge si jibu tena.

Nina mimba na nauza duka. Miguu imekuwa kama ya mtu mwengine.

Uvimbe wa vifundo jioni ni wa kawaida mimba ikikua, kwa sababu mtoto anakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Omba kazi ya kukaa, inua miguu mara nyingi, vaa soksi za kubana. Diklofenaki na ibuprofeni ziache, hasa kuanzia wiki ya 20. Lakini uso ukivimba, au mikono ikavimba mpaka pete haitoki, kichwa kikauma kisiache, ukaona vimulimuli au giza, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, nenda spitali saa hiyohiyo. Hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba kinabisha hodi.

Mishipa ya kijani imejitokeza miguuni. Itapasuka?

Mara chache. Vile vilango vimelegea, damu inarudi chini, mshipa unajikunjakunja. Hutokana na urithi, uzazi, uzito na kazi ya kusimama. Yote tuliyoyasema juu yanapunguza maumivu, ingawa mshipa wenyewe haurudi ndani. Onana na daktari kama ngozi juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, inawasha, imekuwa nyeusi na ngumu, maana hapo ndipo hufunguka kidonda ndugu kinachochukua miezi kufunga. Ukitoka damu, lala chini, inua mguu, bana kwa kitambaa safi, usiufunge kwa kamba.

Sisi hatusimami dukani. Mimi ni wa mwani, mume wangu anachuma karafuu Pemba.

Mama yangu ameatika mwani Jambiani tangu mimi msichana, nalijibu hili kwa heshima yake. Maji ya bahari yakifika magotini yanaubana mguu kwa nje kama soksi, kwa hiyo uvimbe wa wakulima wa mwani si mkubwa kama wa wauza maduka. Kinachowamaliza ni kuinama: kiuno, nyuma ya paja, magoti. Fungeni kamba nchi kavu, mmekaa, kadiri inavyowezekana, na baharini mfanye kazi ya kwenda na kurudi badala ya kumaliza mstari mzima mmeinama. Vaeni viatu vya mpira, soli nene. Siku za bamvua zikiisha mpumzishe mgongo kabla ya kukimbilia kuni.

Mchumaji anasimama peku juu ya tawi, na tawi linaingia katikati ya unyayo, pale pale penye ule utando niliousema. Ndiyo maana msimu ukipamba moto Pemba nzima inalalamika visigino. Ahamishe mguu ili uzito ukae karibu na kisigino, ashuke na kutembea kila pakacha likijaa, na jioni aviringishe ile chupa ya barafu. Mguu uliokufa ganzi mtini ushushe polepole na usubiri urudi kabla ya kuukanyagia, kwa sababu watu wanaanguka.

Mwezi wa Ramadhani nashinda jikoni kwa ajili ya futari, usiku tarawehe. Nikisali nimekaa inafaa?

Hukumu muulize sheikh wako. Ninachokijua ni hadithi maarufu ya Imran bin Husayn, kwamba Mtume alimwambia asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kwa upande wa mguu, rukuu na sujudu ni mazoezi mazuri, na kisomo kirefu cha kusimama ndicho kizito. Katika mapumziko ya baina ya rakaa kaa, nyoosha miguu. Kunywa maji kidogo kidogo tangu magharibi mpaka daku. Na mandazi, sambusa na katlesi zisukumwe umekaa, wala ladha haitabadilika.

Miguu imevimba tangu nianze dawa ya presha. Ni kusimama au dawa?

Inaweza kuwa dawa. Amlodipini inajulikana kwa kuvimbisha vifundo. Usiiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie.

Nitajuaje kuwa hii si uchovu wa kazi, ni ugonjwa? Ni lini niende spitali?

Fanya kipimo hiki asubuhi, kabla ya kutoka kitandani. Bonyeza ugoko kwa gumba, juu ya kifundo, hesabu mpaka 10, achia. Uvimbe wa kusimama huwa umekwisha au umepungua sana kwa usingizi. Shimo likibaki hata asubuhi, miguu yote miwili, na unachoka upesi, pumzi inakukata ukilala, au uso unavimba, hapo tunautazama moyo, figo na ini.

Mguu mmoja tu ukivimba, unauma, wa moto, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu, fikiria damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ndiyo maana nimekataza kuchua. Bonge hilo likinyofoka likaenda mapafuni, mtu anakosa pumzi ghafla, kifua kinachoma, pengine anakohoa damu. Usisubiri asubuhi, usisubiri boti, nenda Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee Mkoani, Chake, Wete, yoyote iliyo karibu.

Maumivu yanayokuja ukitembea na kuondoka ukisimama, kwa mvutaji sigara au mwenye kisukari, ni kinyume cha yote tuliyoyazungumza: damu haifiki. Ganzi inayopanda, mguu kukosa nguvu, kidonda kisichofunga, homa pamoja na wekundu unaotambaa, yote hayo ni ya daktari.

Na matende? Wengi wanauliza kwa sauti ya chini. Matende huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, si na kusimama, na Zanzibar ilianza kugawa dawa kwa watu wote mwaka 2001. Matende yakishakomaa, uvimbe haupungui kwa kulala, na ngozi inakuwa nene. Ukiwa na shaka, njoo uonwe, hakuna aibu.

Nikifanya haya, nitarajie nafuu lini?

Uzito wa jioni unapungua tangu siku ya kwanza ukiinua miguu. Misuli ya tafu na kiuno, wiki moja mpaka mbili za kukanyagia tofali na kunyanyua visigino kila siku. Kisigino kinataka subira ya miezi. Zikipita wiki tatu na hujaona tofauti yoyote, nenda kituo cha afya, na uvichukue viatu unavyovaa kazini, maana mimi huvitazama hivyo kabla sijautazama mguu.